Sahani ya vibichi na kidonge cha B12

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa na miaka minne akila vibichi tupu vya mimea. Hapiki, hali nyama, samaki, yai wala maziwa. Asubuhi papai na mapera, mchana bakuli la mchicha na matango lililonyunyiziwa ufuta na ndimu, jioni parachichi na karanga alizoloweka tangu asubuhi. Alipungua mwili, ngozi ikang'aa, presha iliyokuwa ikimsumbua ikashuka. Wateja walimwuliza siri yake naye aliwaeleza kwa furaha. Siku moja alitoka kwenda kununua uzi. Kandambili ya mguu wa kushoto ilimvuka njiani, naye akaendelea kutembea. Mtoto aliyekuwa akicheza pembeni ndiye aliyeiokota na kumkimbilia: "Mama, kiatu chako!" Alipotazama chini aliona mguu uko mtupu kwenye mchanga wa saa saba mchana, na hakuwa amehisi lolote.

Baadaye nilimwuliza kama alikuwa akitumia vidonge vyovyote vya vitamini. Alinishangaa. "Kaka, mimi mchicha nakula fungu zima kwa siku. Vitamini gani nitaikosa?"

Nalichukulia swali lake kwa uzito, kwa sababu wengi wanaoingia kwenye mlo huu huliuliza hivyohivyo, wawe wamefuata kanuni za afya kanisani, wametoka kwenye mfungo wa Danieli, ule wa mboga na maji, wakaona wameuzoea, au wanatafuta nafuu ya kisukari. Na majibu wanayopewa yanagongana. Mmoja anasema chakula cha asili kinatosha, kidonge ni cha kiwandani. Mwingine anawaambia wameze kila kitu kilichomo kwenye chupa ya multivitamini ili wawe salama. Wote wawili wanakosea, kila mmoja kwa upande wake, na kosa linaanzia kwenye kulichukulia neno "vitamini" kana kwamba ni kitu kimoja.

Mlo huu una makatazo mawili ndani yake. La kwanza ni kuacha chochote kitokacho kwa mnyama. La pili ni kuacha moto: wafuasi wake wengi huweka mpaka kwenye nyuzijoto 42 hadi 48 za Selsiasi, juu ya hapo wanakihesabu chakula kuwa kimeshapikwa. Kila katazo lina deni lake. La wanyama linadai vitamini B12, bila msamaha. La moto linadai mambo mengine, na baadhi yake hayalipwi kwa kidonge hata kidogo.

Nianze na B12, kwa kuwa ndiyo iliyomvua fundi wetu kandambili.

Vitamini hii haitengenezwi na mmea wowote, wala haitengenezwi na mnyama. Watengenezaji wake ni bakteria na vijidudu jamaa zao, basi. Mara nyingi mtu husema, "Mbona ng'ombe anakula nyasi mbichi tu na hamezi kidonge?" Ng'ombe amebeba kiwanda chake. Tumbo lake la kwanza ni pipa kubwa la bakteria wanaochukua madini ya kobalti kutoka kwenye nyasi na kuitengenezea B12, kisha B12 hiyo inateremka kwenye utumbo na kufyonzwa. Kobalti ikikosekana, kiwanda kinasimama. Hilo lilionekana wazi Kenya enzi za ukoloni, kwenye malisho ya Nakuru: ng'ombe walikonda na kufa wakiwa wamesimama kwenye nyasi tele. Ugonjwa huo uliitwa kwa jina la mji wenyewe, Nakuruitis. Udongo wa pale ulikuwa na uhaba wa kobalti, na ng'ombe walipoongezewa kobalti walipona. Kwa hiyo hata ng'ombe, mla vibichi wa kuzaliwa, kuna mahali alihitaji kuongezewa.

Sisi nasi tuna bakteria wanaotengeneza B12, ila wapo kwenye utumbo mpana, na sehemu inayoifyonza ipo mwishoni mwa utumbo mwembamba, kabla ya kufika kwao. Ni kama kisima kilichochimbwa mteremkoni, chini ya shamba linalohitaji maji. Sungura ana njia yake ya kulitatua hilo: anakula sehemu ya kinyesi chake mwenyewe. Sokwe, tunaowataja sana kama ndugu zetu wala matunda, wanakula wadudu. Mtafiti Jane Goodall aliwaona kwenye msitu wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960 wakichokoa mchwa kwa vijiti, na akawaona wakila nyama pia. Mtu anayetaka kumwiga sokwe aige yote.

Kuna wanaosema B12 ipo kwenye udongo uliobaki kwenye mboga, tusizioshe sana. Naomba nilizungumze hili bila kupindapinda. Mboga zetu nyingi za mjini zinamwagiliwa maji ya mito na mifereji ambayo hakuna mtu angeyanywa. Anayekula mchicha mbichi bila kuuosha anatafuta kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo, na kiasi cha B12 atakachokipata hakiwezi kutegemewa. Ukila mbichi ndiyo uoshe zaidi, kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani.

Halafu kuna spirulina, ule unga wa kijani unaouzwa kwa bei ya juu. Ni chakula cha heshima. Flamingo wa maziwa ya magadi, Nakuru, Bogoria na Natron, wanaishi kwa jamii hiyo hiyo ya vijimea. Lakini sehemu kubwa ya kinachoandikwa B12 kwenye pakiti yake ni kitu kinachofanana nayo tu, ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Baadhi ya vipimo vya maabara haviwezi kutofautisha, ndiyo maana tarakimu zinapendeza. Mwani, maharage ya soya yaliyochachushwa na mboga za kuchachusha nyumbani zina kasoro inayofanana: pengine zinayo, pengine hazina, na leo si sawa na kesho. Neva zako haziendeshwi kwa bahati nasibu.

Ubaya wa B12 ni kwamba haikuagi inapoondoka. Mtu mzima aliyekula nyama na maziwa tangu utotoni ana akiba ya miligramu kadhaa, nyingi yake ikiwa kwenye ini, na mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4 tu, wakati miligramu moja ni mikrogramu 1000. Akiba hiyo inaweza kumbeba miaka miwili, mitatu, hata mitano. Ndiyo sababu ushuhuda wa mwaka wa kwanza wa mlo wa vibichi haujibu chochote kuhusu B12. Mtu anajisikia vizuri, na ni kweli yuko vizuri, lakini anaishi kwa akiba ya nyama aliyokwisha kuiacha.

Na pale akiba inapokwisha, mchicha wenyewe unasaidia kuficha. Majani mabichi yana vitamini nyingine, asidi ya foliki, kwa wingi, na moto haukuipunguza. Kazi mojawapo ya B12 ni kutengeneza damu kwa kushirikiana na foliki, na foliki ikiwa nyingi inaweza kuibeba kazi hiyo peke yake kwa muda. Kwa hiyo damu inabaki nzuri. Kazi ya pili ya B12, kuutunza utando unaozunguka mishipa ya fahamu, foliki haiiwezi. Damu inasoma sawa huku miguu inakufa ganzi. Fundi wetu alikuwa amepima wingi wa damu miezi michache kabla na kuambiwa ni safi, na kweli ilikuwa safi. Hakuna aliyempima B12. Alikuwa ameanza kudondosha pini bila kujua kama bado anazo vidoleni, akadhani ni macho, akanunua miwani.

Dalili nyingine ni ulimi kuuma na kuwa mwekundu laini, uchovu usioisha kwa usingizi, kusahau, hasira au huzuni isiyo na chanzo, kuyumba mtu anapofumba macho bafuni. Ikichelewa, uti wa mgongo wenyewe unaumia na baadhi ya madhara hayarudi nyuma. Kabla haijajulikana, watu waliokosa uwezo wa kuifyonza vitamini hii walikuwa wakifa. Mwaka 1926 madaktari George Minot na William Murphy wa Boston walitangaza kwamba wagonjwa hao hupona wakilishwa maini mengi kila siku, na mwaka 1934 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. B12 yenyewe ilitenganishwa mwaka 1948. Tangu hapo hakuna sababu ya mtu kuumia kwa kuikosa.

Waliokula vibichi kwa muda mrefu wamekwisha kupimwa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2005 uliwachukua watu wazima 201 wa mlo wa vibichi, na asilimia 38 kati yao walikuwa na upungufu wa B12. Baadhi yao walikula nyama kidogo au maziwa. Asiyekula kabisa yuko mahali pabaya zaidi.

Basi kidonge hiki ni cha lazima. Kiasi gani? Hapa watu huogopa wanaposoma kwenye chupa "mikrogramu 1000" ilhali wameambiwa mahitaji ni 2.4. Mlango wa kawaida wa kuifyonza B12 unapitisha karibu mikrogramu moja na nusu hadi mbili kwa mlo mmoja, kisha unajifunga kwa saa kadhaa. Kinachozidi kinapenya kwa kujipenyeza tu, takriban asilimia moja. Kidonge cha mikrogramu 2000 kwa hiyo kinakupa kama 20, ambazo ukizigawa kwa siku saba unapata karibu 3 kwa siku. Ndipo ulipotoka ushauri uliozoeleka kwa wasiokula vya wanyama: mikrogramu 10 kila siku, au 2000 mara moja kwa wiki. Hakijajulikana kiwango cha B12 cha kumdhuru mtu mzima mwenye afya. Chagua aina iitwayo sianokobalamini. Haibadiliki kirahisi, ni ya bei nafuu, na hutengenezwa kwa kukuza bakteria, kwa hiyo haivunji msimamo wa mtu asiyetumia vya wanyama. Kitu cha kukagua ni ganda: vidonge vya ganda laini mara nyingi ni jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa. Anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari, au dawa za kupunguza tindikali tumboni kwa muda mrefu, amwambie daktari, kwa sababu dawa hizo hupunguza ufyonzaji. Mwenye ganzi tayari asijitibu kwa kidonge cha wiki. Huyo anahitaji daktari na pengine sindano.

Sasa deni la moto.

Moto unaharibu vitamini C, na hapo mla vibichi anashinda. Pera moja lina vitamini C kuliko chungwa la ukubwa huohuo, tena mara kadhaa. Hana haja ya kununua vile vidonge vya C vya kutoa povu. Lakini anapoacha jiko, bila kujua anatoka kwenye wavu uliotandazwa kwa ajili ya kila mtu. Nchini Tanzania chumvi inawekwa madini joto (ayodini), unga wa ngano na mahindi wa viwandani unaongezwa chuma, zinki, foliki na B12, mafuta ya kupikia yanaongezwa vitamini A. Chumvi, unga, mafuta: vyote vitatu huachwa na mla vibichi mwenye msimamo.

Vitamini A haimsumbui akila karoti, embe na maboga pamoja na parachichi, maana inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Madini joto ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mboga zina kiasi kinachotegemea udongo. Udongo wa nyanda za juu mara nyingi ni maskini, na ndiyo maana rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida huko kabla ya chumvi kurutubishwa. Wengi wa wala vibichi wameacha chumvi, au wamehamia ile ya mawe yenye rangi ya waridi wakiamini ni safi zaidi. Ile haina madini joto ya kutegemea. Kabichi mbichi nyingi nayo huisumbua tezi ya shingo pale madini joto yanapokuwa haba. Ushauri wangu ni rahisi: nyunyiza kachumbari yako chumvi ya kawaida yenye madini joto, kidogo, kila siku. Ukikataa chumvi kabisa, chukua kidonge cha mikrogramu 150. Unga wa mwani wa bahari za baridi usiutumie kama dawa ya hili, maana kijiko kimoja kinaweza kuwa na madini joto kupita kiasi, na yakizidi tezi inaumia vilevile.

Kuna deni la moto ambalo famasi hawauzi dawa yake. Vyakula vinavyotushibisha huku kwetu vingi havifai kuliwa vibichi. Maharage mekundu mabichi machache tu yanatosha kumtapisha mtu. Magimbi yanawasha koo. Muhogo mtamu tunautafuna mbichi barabarani pamoja na nazi na karanga, lakini kuufanya mlo wa kila siku ni jambo lingine, na muhogo mchungu pamoja na kisamvu kibichi vina sumu ya sianidi. Congo, na hata maeneo ya Tanzania, muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa umewapooza watu miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, jina la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Ukiondoa ugali, wali, maharage, mihogo na viazi kwa pamoja, unabaki na matunda, majani na vya mafuta, na tumbo linajaa kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha. Utafiti mwingine wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1999, uliangalia watu 513 wa mlo huu: karibu asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukoma kabisa. Dada ukiona hedhi imekata, usifikiri mwili unajisafisha. Mwili umeona chakula hakitoshi na umefunga mlango wa uzazi. Dawa yake ni chakula zaidi: parachichi zaidi, karanga na ufuta zaidi, choroko zilizooteshwa, kimea cha wimbi ambacho bibi zetu walijua kukiotesha zamani, na kwa wengi, kurudisha chungu jikoni angalau mara moja kwa siku.

Kuhusu vitamini D jibu linategemea unapoishi kuliko unachokula, kwa sababu mwili huitengeneza kwa jua. Aliye Dar es Salaam au Mombasa na mikono yake inapata jua la mchana kidogo kila siku hana haja ya kidonge. Ndugu yetu aliye London hana bahati hiyo: kuanzia Oktoba hadi Machi mapema jua la huko halitoshi, na Uingereza inamshauri kila mtu afikirie kidonge cha mikrogramu 10 katika kipindi hicho, mwenye ngozi nyeusi, au anayejifunika mwili, atumie mwaka mzima. Nchi za Ghuba, Uarabuni, jua lipo tele lakini watu wanaishi ndani kwenye viyoyozi, na upungufu ni wa kawaida. Vitamini D ya vidonge mara nyingi ni aina ya D3, na D3 nyingi hutolewa kwenye mafuta ya sufu ya kondoo. Kwa asiyetumia vya wanyama ipo ya kuvu-mwani, ule ukoga unaoota kwenye mawe na magome ya miti.

Sasa wale wanaosema meza chupa nzima ya kila kitu, bora usalama. Naomba wasikilize habari ya Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa kisiwa hicho, kwenye malaria nyingi, waligawiwa chuma na foliki ili waongezewe damu. Nia ilikuwa njema kabisa. Utoaji wa chuma na foliki ulisitishwa mwaka 2003, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito. Na Finland, wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la virutubishi. Waliopewa beta-karotini, ile ile ya karoti ila kwenye kidonge, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko ambao hawakupewa. Hayo yalitangazwa mwaka 1994. Chuma hasa usimeze kwa kukisia. Mla vibichi anaweza kukikosa, hasa mwanamke, kwa sababu chuma cha majani kinafyonzwa kwa shida. Aongeze ndimu au pera kwenye mlo na kuitenga chai mbali nao. Lakini kidonge kisubiri kipimo cha akiba ya chuma, na mwenye ugonjwa wa selimundu (siko seli) asikiguse bila daktari wake.

Mjamzito ni habari nyingine: vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki avimeze, na juu yake B12 kila siku bila kukosa, kwa sababu mtoto hana akiba yoyote zaidi ya atakayopewa na mama. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 anaweza kuonekana mnene na mzima miezi minne ya kwanza, kisha akaacha kutabasamu, akaacha kushika shingo aliyokwisha kuikaza. Kuna watoto waliobaki na ulemavu wa akili kwa hilo. Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo mno kwa mlo wa majani na matunda matupu, na sioni kidonge kinachoweza kuufanya ufae. Mtu mzima achague anavyotaka, mtoto apikiwe.

Fundi wetu alichomwa sindano kwa wiki kadhaa. Vidole vya mikono vilirudi kwanza, akaacha kudondosha pini. Miguu ilichukua zaidi ya mwaka, na nyayo ya kushoto mpaka leo anasema ni kama amevaa soksi. Bado anakula vibichi mchana, jioni anapika maharage, na kila Ijumaa anaweka kidonge cha B12 kwenye kifuniko cha sanduku la pini ili asikisahau.